Majani kwanza, ng'ombe wa pili baadaye: kukuza ufugaji wa maziwa kwenye vilima vya Bukavu

Asubuhi, katika nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda, chai inatiwa maziwa ya unga yaliyotoka ng'ambo, au maziwa ya paketi yaliyovuka Ruzizi kutoka Rwanda. Ukitafuta jibini sokoni, mara nyingi utapewa ile ya Masisi iliyoletwa kwa boti kutoka Goma. Na mwendo mfupi tu kutoka mjini, kule Kabare na Walungu, kuna familia zenye ng'ombe anayetoa lita moja au mbili kwa siku, kisha anakauka kabisa ifikapo Julai. Iulize familia hiyo inahitaji nini ili ipate maziwa zaidi. Itakujibu: ng'ombe mwingine.

Ninaandika mwongozo huu kupinga jibu hilo. Sehemu kubwa ya anachokula ng'ombe kila siku inaishia kwenye kumweka hai: kupumua, kutembea, kulinda joto la mwili. Maziwa yanatoka kwenye kinachobaki. Ukiwa na majani ya kumshibisha mmoja ukayagawa kwa wawili, wote wawili wataishi lakini ziada itatoweka, na ziada hiyo ndiyo uliyokuwa unaikamua. Kwa hiyo kukua, kwenye mashamba yetu madogo ya miteremko, kunaanza kwa majani, maji na soko. Idadi ya mifugo inafuata.

Haya yanamhusu mwenye ng'ombe mmoja hadi watano anayewalisha nyumbani. Mwenye makundi kwenye nyanda za juu za Kalehe au Minembwe ana shida zake, na anastahili mwongozo wake. Hatua nimezipanga kwa kusudi. Ukirukia ya nne kabla ya ya kwanza, pesa yako itapotea.

Hatua ya 1: Hesabu tumbo kabla ya kuhesabu lita

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kila siku. Hiyo ni mizigo kadhaa ya kichwani, na katika familia nyingi mizigo hiyo inabebwa na mama au watoto kabla ya shule. Usikisie. Chukua kamba, pima kipande cha mita moja kwa mita moja katika matete yako (majani ya tembo) yaliyofikia kimo cha kukatwa, kata, pima kwa mizani ya sokoni. Tuseme umepata kilo 3. Basi ng'ombe mmoja anamaliza mita za mraba 20 kwa siku. Matete yanahitaji kama siku 60 kurudi kwenye kimo chake, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 1,200 za matete mazuri, tena yenye samadi, kwa ajili yake peke yake. Ongeza nusu ya hapo kwa sababu ya kiangazi. Kama mita yako ya mraba imetoa kilo 1 na nusu, zidisha eneo mara mbili. Andika hesabu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la ufugaji, maana utairudia kila utakapotaka kununua mnyama.

Wengi watasema: shamba langu halina nafasi hiyo. Mara nyingi nafasi ipo, ila imelala kwenye kingo. Bushi, eneo letu hili la kuzunguka Bukavu, ni nchi ya miteremko na kila mvua kubwa inabeba udongo kuelekea ziwani. Chimba mifereji ya kukata maji kwa kufuata mstari wa usawa wa kilima, udongo uurushe upande wa juu, na juu ya tuta hilo panda majani. Hapo unapata chakula cha ng'ombe na ukuta wa kuzuia mmomonyoko kwa jasho moja, na mihogo au maharagwe yanaendelea kati ya mistari.

Majani gani? Matete ndiyo yanayotoa wingi, lakini yanataka samadi na yanadhoofika jua likikaza. Tripsakumu ni ngumu zaidi. Haina utajiri mwingi wa protini, lakini inabaki kijani wakati matete yamekauka, na kwa sababu hiyo naipenda kwenye kingo zote za juu. Setaria inafaa sehemu za baridi. Kata matete yakifikia kimo cha mita moja hivi, uache shina la sentimita 10 ili yachipue vizuri. Anayesubiri yafike mita mbili apate wingi anavuna miti: ng'ombe anatafuna sana na kukamuliwa kidogo.

Kisha panda miti ya kulisha. Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kupata protini. Kaliandra inakua vizuri kwenye udongo wetu wenye asidi. Utafiti uliofanywa Embu nchini Kenya ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti 500 hivi inamtosha ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima. Miti 500 inatisha kusikia, lakini ukiipanda kama ua, mti kila nusu mita, ni mita 250 za ua: kuzunguka shamba na kando ya njia. Unaanza kukata baada ya karibu mwaka, kwenye kimo cha mita moja.

Kabla ya kupanda mti hata mmoja, jiulize ardhi ni ya nani. Ukiishika kwa kalinzi (haki ya kudumu ya kimila), au umeinunua na karatasi unazo, panda. Ukilima kwa bwasa, mkataba wa desturi unakupa msimu tu, na mwenye shamba akiona kaliandra au hata tripsakumu imeota mizizi atasema unataka kumnyang'anya. Wafugaji wenye ardhi ya bwasa wapande mukuna au desmodiamu, mimea ya jamii ya kunde inayong'olewa bila ugomvi, au wazungumze na mwenye ardhi mbele ya mashahidi na kuandika kwamba kingo zitapandwa na majani yatagawanywa. Wenye ardhi wengine wanakubali, kwa sababu wanaona udongo wao unabaki.

Maji nayo ni chakula. Maziwa ni maji kwa asilimia 87. Ng'ombe wa lita 8 anaweza kunywa bidoni mbili za lita 20 kwa siku, na zaidi kiangazi kikifika. Familia inayompeleka ng'ombe mtoni mara moja kwa siku inamkata maziwa bila kujua. Kabla ya kununua chochote kingine, nunua mfereji wa bati wa kukusanya maji ya paa na pipa la kuyahifadhi.

Hatua ya 2: Jiandae na Juni tangu Machi

Kwetu mvua inanyesha Septemba hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi inayomtenganisha mfugaji na mwenye ng'ombe. Bei ya maziwa inapanda wakati huo kwa sababu hayapo, na aliye nayo anauza atakavyo.

Njia ya uhakika ni kufukia majani, yaani sileji. Machi hadi Mei, matete yakiwa mengi kuliko anavyoweza kula ng'ombe, yakate vipande vya urefu wa kidole gumba, uyaache yanyauke nusu siku, kisha uyashindilie kwenye mifuko mikubwa ya plastiki minene au kwenye shimo lililotandikwa plastiki. Mahindi yaliyokatwa punje ikiwa bado laini ni bora zaidi. Ukitumia matete peke yake, nyunyizia pumba za mahindi katikati ya tabaka ili sukari iwepo ya kuchachusha. Adui wa kazi hii ni hewa: kanyaga mpaka uchoke, funga, weka mawe juu. Baada ya wiki sita unaweza kufungua. Sileji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia kuelekea manjano na harufu ya uchachu wa matunda. Ikinuka uozo au ikiwa na ukungu, itupe.

Migomba inasaidia, lakini tuwe wakweli: shina la mgomba ni maji zaidi ya asilimia 90. Linajaza tumbo na kukata kiu. Usilihesabu kama chakula. Majani ya viazi vitamu ni mazuri kabisa. Maganda ya mihogo yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya mihogo michungu, kwa hiyo yaanike yakauke kwanza.

Machicha ya bia, yaani dreshi, ukiyapata mjini, yana protini nyingi. Tatizo lake ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wake ni maji: unapomlipa motari kukupelekea gunia Nyangezi au Kavumu, unalipia kubeba maji. Kwa anayefuga Panzi au Bagira, dreshi ina faida. Kwa aliye mbali, piga hesabu upya ukilinganisha na ua wa kaliandra ambao hauhitaji pikipiki. Dreshi mbichi inaharibika ndani ya siku mbili tatu, na isizidi kilo 10 hadi 15 kwa siku kwa ng'ombe mmoja.

Onyo moja linalohusu watoto wetu: mahindi, karanga au mashudu yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe. Sumu ya ukungu, aflatoksini, inapita mwilini mwake na kuingia kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Hatua ya 3: Zizi

Sitasema mengi. Paa, sakafu ya mawe au saruji yenye mteremko mdogo ili mkojo uende kwenye shimo la samadi, sehemu ya kulala ya mita 1.2 kwa 2.2 kwa kila ng'ombe yenye matandazo makavu, hori la majani na chombo cha maji visivyokanyagwa. Miti ya mkaratusi inatosha. Ng'ombe akisimama usiku kucha kwenye matope, kiwele kitaugua. Lijenge karibu na chumba cha kulala kadiri inavyowezekana: katika hali ya usalama tuliyonayo, ng'ombe wawili walioko ukutani kwako ni salama kuliko sita walioko bondeni.

Hatua ya 4: Chagua damu inayolingana na majani yako

Ng'ombe wetu wa kienyeji, wale wa pembe ndefu wa ukoo wa Ankole, wanastahimili njaa na kupe na kutembea, lakini maziwa yao ni lita 1 hadi 3. Friziani halisi anaweza kujaza ndoo, ila anataka chakula na tiba ambavyo vilima vyetu havimpi, na anakufa. Chotara wa nusu kwa nusu ndiye ninayempendekeza kwa mfugaji anayeanza: akilishwa kama nilivyoeleza anatoa lita 6 hadi 10, na bado ana kinga ya mama yake. Jezi na chotara wake wanafaa sana mahali padogo kwa sababu mwili ni mdogo, anakula kidogo zaidi, na maziwa yake yana mafuta mengi.

Ununuzi wa ng'ombe mkubwa sokoni una hatari. Anayemuuza ng'ombe wa maziwa mwenye afya anayo sababu, na ni kazi yako kuijua. Mkamue mwenyewe asubuhi na jioni kabla ya kulipa, papasa kila robo ya kiwele kama kuna ugumu, uliza kama amewahi kuharibu mimba, na umlete veterineri (daktari wa mifugo) achukue damu ya kupima bruseloze, ugonjwa unaoharibu mimba. Kama muuzaji anakataa, ondoka. Mimi ningemchukua mtamba wa jirani ambaye mama yake ninamfahamu na maziwa yake nimeyaona.

Kuhusu dume: likishakaa eneo moja miaka miwili au mitatu, litaanza kupanda binti zake. Wafugaji wa kilima kimoja wabadilishane madume na wa kilima kingine. Uhimilishaji wa sindano ni bora, lakini mbegu lazima zikae kwenye nitrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue chombo uone kama nitrojeni bado ipo.

Hatua ya 5: Usiache tumbo la uzazi likae bure

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na haionekani kwa macho kwa sababu hakuna kinachokufa. Chukua ng'ombe anayetoa wastani wa lita 6 kwa siku 300: ni lita 1,800. Akizaa kila baada ya miezi 13, ukigawanya kwa siku zote anazokula, unapata lita 4 na nusu kwa siku. Akizaa kila baada ya miaka miwili, kama ilivyo kawaida huku, ni lita 2 na nusu. Ng'ombe ni yuleyule na majani ni yaleyale, ila karibu nusu ya maziwa imepotea.

Ng'ombe aliyezaa apandishwe siku 60 hadi 90 baadaye. Joto, yaani hamu ya kupandwa, linarudi kila siku 21 na linadumu saa 12 hadi 18 tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Mtazame asubuhi mapema na jioni, dakika ishirini kila mara, ukiwa umetulia. Dalili ya kuaminika ni kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Ute mwangavu usio na rangi unaoning'inia, kelele na kukosa hamu ya kula ni dalili za kuongezea. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni hiyo. Ukimwona jioni, kesho asubuhi. Aliye na ng'ombe mmoja peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo atazame ute na aandike tarehe. Baada ya siku 21 angalia tena: asiporudi kwenye joto, huenda ameshika.

Ng'ombe aliyekonda haji kwenye joto. Sindano za kumlazimisha hazisaidii mwili wenye njaa. Hapo rudi hatua ya 1.

Mimba inachukua miezi tisa na siku chache. Miezi miwili kabla ya kuzaa, acha kumkamua. Najua inauma kuacha lita 2 zinazolipa ada ya shule, lakini kiwele kisipopumzika, uzao ujao utakulipiza. Ndama akizaliwa, anywe dang'a (maziwa mazito ya kwanza) ndani ya saa mbili za kwanza, na afikishe lita 3 kabla ya saa sita kupita. Anazaliwa bila kinga yoyote mwilini, na mlango wa tumbo wa kupitisha kinga hiyo unafunga ndani ya siku moja. Tuna desturi ya kumwaga dang'a kwa kuiona kama uchafu. Kila anayesoma hapa amwambie jirani.

Hatua ya 6: Kupe, na magonjwa mengine ya kuogopa

Ndigana kali, ambayo maveterineri wetu wanaiita teileriozi, inaua ndama na chotara wengi Kivu. Inaletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya masikio. Ulishaji wa zizini unapunguza kupe, lakini hauondoi, maana majani unayokata njiani yanawabeba. Nyunyizia dawa mara moja kwa wiki msimu wa mvua, na usiishie mgongoni: masikio ndani, chini ya mkia, kwenye kinena. Pima dawa kama kopo linavyosema. Anayeipunguza ili idumu anafundisha kupe kuizoea, na kilima kizima kitalipa.

Ukiona uvimbe chini ya sikio au mbele ya bega pamoja na homa inayopita nyuzi 40, mwite veterineri siku hiyohiyo. Dawa iitwayo buparvakuoni inaponya ikitolewa mapema. Siku tatu baadaye, mapafu yakishajaa maji, unanunua dawa ya kumzika nayo.

Bruseloze inaharibu mimba kwenye miezi ya mwisho na inawapata watu pia. Usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, lifukie mbali na mbwa. Na maziwa yachemshwe, hata yakiwa ya ng'ombe wako unayempenda.

Hatua ya 7: Lita isiharibike kati ya chuchu na mteja

Maziwa yanatoka kwenye chuchu yakiwa karibu safi kabisa. Katika joto la mwili, vijidudu vinaweza kuongezeka mara mbili kila nusu saa. Ukikamua saa kumi na mbili, ukasubiri motari saa moja, ukafika soko la Nyawera saa tatu jua likiwa limewaka, ulichobeba kimeanza kugeuka.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na ukikaushe kwa kitambaa kisafi cha ng'ombe huyo peke yake. Michirizi ya kwanza iingize kwenye kikombe cheusi: ukiona mabonge au damu, kiwele kinaumwa, na maziwa hayo yasichanganywe na mengine. Maliza kukamua ndani ya dakika saba hivi, maana homoni inayoshusha maziwa haidumu. Mpe majani mara tu baada ya kukamua, ili asimame nusu saa wakati vitundu vya chuchu vinajifunga.

Sasa bidoni. Ile bidoni ya njano iliyobeba mafuta ya kula haifai maziwa, hata uioshe mara kumi. Mkono hauingii, mafuta yanabaki kwenye kona, na mikwaruzo ya plastiki ni nyumba ya vijidudu. Chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana, ni ghali. Watu watatu wanunue kimoja kwa zamu. Kioshwe kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni na maji moto, kisha kianikwe juani kikiwa kichwa chini.

Kupoza bila umeme: tumbukiza chombo hadi shingoni kwenye maji ya chemchemi yanayotiririka, ukoroge kila mara. Hutafika nyuzi 4 zinazotakiwa, lakini utapata saa chache za thamani. Maziwa ya jioni ndiyo magumu. Ushauri wangu ni kuuza ya asubuhi yakiwa mabichi, na ya jioni uyageuze nyumbani.

Ng'ombe aliyepigwa antibiotiki, maziwa yake yasiuzwe wala yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Mwulize veterineri siku ngapi na uziandike ukutani.

Hatua ya 8: Uzeni pamoja

Mfugaji mmoja mwenye lita 5 hana sauti. Ishirini wenye lita 100 wanaweza kukodi pikipiki moja, kununua kipima-maziwa, na kuongea bei na hoteli au shule. Mwaka 1946, huko Gujarat nchini India, wafugaji wa Kaira waliokuwa wanapunjwa na wachuuzi waliunda ushirika wao. Kutoka hapo ikaja Amul, na kuanzia 1970 mpango wa taifa ukaeneza mfano huo. India leo inaongoza duniani kwa maziwa, na mengi yanatoka kwa watu wenye ng'ombe au nyati wawili watatu. Walichofanya vizuri ni jambo dogo: maziwa yalipimwa asubuhi na jioni mbele ya mwenyewe, kwa wingi na kwa mafuta, na kila mtu alilipwa kulingana na alichokileta.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika katiba ya koperative yenu, nunueni kipimo. Kipima-maziwa kinachoelea kisome kati ya 28 na 32. Chini ya 26, shuku maji. Chemsha kijiko kimoja cha maziwa ya kila mtu: yakikatika, yasiingie chomboni. Anayekataliwa akataliwe kwa upole lakini mbele ya wote. "Mama, leo yamekatika, angalia mwenyewe. Kesho tunakusubiri." Koperative nyingi huku zimevunjika kwa sababu maziwa ya mtu mkubwa hayakupimwa.

Pesa ziwekwe wapi? Mabenki ya Bukavu yalifunga milango Februari 2025, na kila mfugaji anajua maana yake. AVEC za kijiji, vile vikundi vya akiba na mikopo vya kukutana kila wiki na kununua hisa, ndizo zilizowabeba wengi. Malipo ya mteja mkubwa yapite kwenye simu ili yaache alama, na sehemu ya kila wiki iingie AVEC kwa jina la dawa na majani, isiguswe na mambo ya sherehe.

Maziwa ya jioni yatengenezeeni mashanza, maziwa ya kugandisha ya kwetu ambayo mji unayafahamu. Mtindi nao unahitaji makala (makaa) kiasi: pasha maziwa hadi nyuzi 85 kwa nusu saa, yaache yashuke hadi 43, weka vijiko viwili vikubwa vya mtindi mzuri kwa lita, funika kwa blanketi saa tano au sita. Jibini ya aina ya Masisi inakula lita 10 kwa kilo moja na inataka chumba cha kuivisha. Isubiri mpaka mfikie lita 100 za kila siku bila kukosa.

Hatua ya 9: Samadi ni mazao

Ng'ombe mmoja anatoa kilo 15 hadi 25 za kinyesi kwa siku. Kifunike kwa paa la majani, maana mvua inaosha nguvu yake, na mkojo ukusanye pamoja nacho. Samadi irudi kwanza kwenye matete: kila ukikata, weka. Majani yanayokatwa bila kuwekewa samadi yanaumaliza udongo ndani ya miaka michache, na hapo utaona uzito wa mita yako ya mraba unashuka mwaka hadi mwaka.

Wenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini wana kinyesi cha kutosha kwa mtambo mdogo wa gesi ya kupikia. Gharama ya kujenga ni kubwa, sikatai. Lakini sehemu ya makala tunayopikia Bukavu inatoka kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu 1970 na makao ya sokwe wakubwa (gorila) wa mashariki, na msitu huo ndio unaotuletea mvua na vijito tunavyowanywesha ng'ombe wetu. Tope linalotoka kwenye mtambo bado ni mbolea nzuri, kwa hiyo matete hayapotezi kitu.

Hatua ya 10: Sasa ng'ombe wa pili

Fungua daftari. Liwe na lita za kila siku, tarehe za joto na za kupandishwa, dawa, na kila faranga iliyotoka. Angalia Julai iliyopita: je, ng'ombe alishuka chini ya nusu ya lita zake za Aprili? Kama ndiyo, bado. Angalia tarehe: amezaa mara ya pili ndani ya miezi 14? Kama hapana, bado. Je, sileji ilibaki mvua za Septemba ziliporudi, na kuna mnunuzi aliyerudi patupu kwa sababu maziwa yaliisha? Ukijibu ndiyo kwa yote, pima tena mita ya mraba, zidisha kwa wawili, na kama eneo linatosha, mlee ndama jike uliyenaye badala ya kununua. Atakuwa tayari kupandishwa akifikia asilimia 60 ya uzito wa mama yake, kama miezi 18 akilishwa vizuri.

Na kama majani yanamtosha mmoja na nusu, uza dume mapema, punguza wa kienyeji wasiotoa maziwa, hata kama ni wa mahari na wana historia. Ongea na wazee kwanza. Waonyeshe daftari, wajulishe kwamba chotara mmoja anayezaa kila mwaka ataleta mtamba wa kutoa mahari huku akilipa ada ya shule, kisha mkubaliane ni yupi atakayeuzwa kabla ya Juni, wakati bado ana mwili na bei.